Kenyatta Ugenini: Kutoka London hadi Lodwar

Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Ndivyo walivyosema wahenga, na methali hii haikosi kutajwa kijana anapopata nafasi ya kwenda kusoma au kufanya kazi ng'ambo. Huambiwa aige vazi la wenyeji, aige matamshi yao, na aharakishe kuyasahau ya kwao ili yamkae vyema ya wenzake. Sina ugomvi na wahenga. Hata hivyo, kila nikitafakari maisha ya mtu mmoja aliyeishi ugenini kwa miaka mingi, huona kwamba methali hiyo ina nusu tu ya ukweli. Avunjaye jicho moja huenda akakubaliwa na wenyeji, lakini avunjaye yote mawili hurejea kwao kipofu.

Mtu ninayemkusudia ni Mzee Jomo Kenyatta. Wanafunzi wetu humjua wa gerezani na wa Ikulu. Leo nataka tumtazame Kenyatta aliyekuwa mgeni katika miji ya watu: kwanza London, kwa hiari, kisha Lodwar, kwa kulazimishwa. Nimesukumwa kufanya hivyo na mahali ninapoandikia makala haya, yaani Eliye Springs, ufuoni mwa Ziwa Turkana upande wa magharibi, mwendo wa takriban kilomita 60 kutoka Lodwar. Hapa chemchemi za maji matamu hububujika mchangani, chini ya mikoma, hatua chache tu kutoka kwenye maji ya magadi ya ziwa. Walimu wa lugha niliokutana nao Lodwar waliniambia kwamba wanafunzi wao wanajua vyema kuwa Kenyatta aliwahi kuzuiliwa katika mji wao. Wasilolijua ni maisha aliyoishi kabla ya kufika huko, na uzito wa maisha hayo kwao wao. Hilo ndilo pengo ninalotaka kulijaza.

Alizaliwa katika miaka ya 1890, karibu na Gatundu, akaitwa Kamau wa Ngengi. Mnamo mwaka wa 1909 aliingia katika misheni ya Waskoti huko Thogoto, na alipobatizwa mwaka wa 1914 akapewa jina la Johnstone. Jina la Kenyatta lilitokana na mkanda wa shanga aliopenda kuuvaa. Katika miaka ya 1920 aliajiriwa na idara ya maji ya Manispaa ya Nairobi, akiwa karani wa ghala na msoma mita. Hiyo ilikuwa kazi ya kuheshimika kwa Mwafrika wa wakati ule. Aliiacha mwaka wa 1928 ili awe katibu wa Kikuyu Central Association, chama kilichokuwa kikidai ardhi iliyonyakuliwa na walowezi. Mwaka huo huo alianza kuhariri Muigwithania, gazeti la chama lililoandikwa kwa Kigikuyu. Naomba msomaji alitie akilini jambo hili. Kabla hajapanda meli, Kenyatta alikuwa tayari ameonja nguvu ya kuandika kwa lugha ya watu wake.

Mnamo Februari 1929 alisafiri kutoka Mombasa, na Machi akawasili London akiwa mjumbe wa chama chake. Kila ajaye mji mkubwa kwa mara ya kwanza hushangazwa na wingi wa watu, kelele na majengo. Lakini mgeni aliyetumwa kazi hupimwa kwa jambo jingine: milango inayofunguka na ile isiyofunguka. Milango ya Wizara ya Makoloni haikumfungukia. Waziri hakumtambua kuwa msemaji wa watu wake, na hadi mwanzoni mwa mwaka wa 1930 aliyekubali kuzungumza naye alikuwa naibu, Drummond Shiels. Fedha alizotumiwa kutoka nyumbani hazikutosha. Wenye nyumba za kupangisha waliowakataa Waafrika hawakuwa wachache, na miongoni mwa waliompokea ni Waafrika wenzake, wanafunzi wa Afrika Magharibi waliokuwa na umoja wao chini ya Mnijeria Ladipo Solanke.

Pamoja na hayo, hakukaa akinung'unika. Alisoma jinsi mji ule ulivyofanya kazi. Alitambua kwamba ofisi ya serikali ikikufungia mlango, yapo magazeti, wapo wabunge, zipo kumbi za mikutano. Mnamo Machi 1930 gazeti la The Times lilichapisha barua yake iliyoyapanga madai ya chama chake hoja baada ya hoja: ardhi, elimu, kodi, uwakilishi wa Waafrika katika baraza la kutunga sheria, na uhuru wa kufuata mila zao. Mtu aliyekuwa akisoma mita za maji Nairobi sasa alikuwa akisomwa na wakubwa wa dola. Kwa safari ya miezi kumi na minane, hayo hayakuwa mavuno haba. Septemba mwaka huo alirejea Kenya.

Mwaka wa 1931 alitumwa tena, safari hii pamoja na Parmenas Mukeri, kwenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyokuwa ikichunguza mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Kamati ilikataa kuwasikiliza. Mukeri alirudi nyumbani, lakini Kenyatta akabaki, na hakuiona tena Kenya hadi mwaka wa 1946. Alikaa kwa muda katika chuo cha Woodbrooke, Birmingham, akiimarisha Kiingereza chake. Mwaka wa 1932 aliieleza tume ya ardhi ya Morris Carter madai ya Wagikuyu, kisha akaenda Moscow kusoma. Mwaka wa 1933 alirejea London, akapanga chumba katika mtaa wa Pimlico. Alikuwa hana kazi ya kudumu wala mshahara, na chama kilichomtuma hakikuwa na uwezo wa kumlisha.

Hapa ndipo panaponigusa mimi kama mwalimu wa isimu. Kilichompa riziki katika mji ule hakikuwa Kiingereza chake. Waliozungumza Kiingereza walijaa London nzima. Kilikuwa Kigikuyu. Katika Idara ya Fonetiki ya Chuo Kikuu cha University College, London, alikuwapo mtaalamu aitwaye Lilias Armstrong, aliyekuwa akichunguza sauti na toni za Kigikuyu. Alihitaji mtu wa kumsemesha lugha hiyo, naye akampata Kenyatta.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, huonekana nyepesi. Mzungumzaji huketi mbele ya mchunguzi, akatamka neno, akalirudia, akalitia katika sentensi, kisha akabadilisha neno moja ili isikike kama toni ya jirani yake imepanda au imeshuka. Huendelea hivyo kwa saa nyingi, siku baada ya siku. Lakini ni kazi inayomgeuza mtu ndani. Yale aliyokuwa akiyasema tangu utotoni bila kufikiri, sasa aona yana kanuni na mpangilio. Kigikuyu kina irabu saba, wala si tano kama Kiswahili, na ndiyo sababu maandishi yake huweka alama juu ya baadhi ya herufi za i na u. Toni zake nazo hubadilika kwa kuathiriana katika sentensi, kwa taratibu zilizowashughulisha wanaisimu kwa miongo mingi tangu wakati huo. Lugha ambayo walowezi waliiona kuwa porojo za vibarua ilikuwa imewekwa mezani katika chuo kikuu cha London, na mtaalamu wa Kizungu akawa mwanafunzi wa Mwafrika.

Armstrong alifariki mwaka wa 1937 kabla kazi yake haijachapishwa. Kitabu hicho kuhusu muundo wa sauti na toni za Kigikuyu kilitoka mwaka wa 1940, baada ya kukamilishwa na mwenzake, Beatrice Honikman. Hadi leo anayezichunguza toni za lugha za Kibantu hawezi kukipuuza. Sauti iliyo nyuma ya kurasa zake ni ya Kenyatta.

Nasi Waswahili tuna fungu letu katika habari hii. Mwaka wa 1937 alipita London msomi Mmarekani mweusi aitwaye Ralph Bunche, akijiandaa kuzuru Afrika. Alitaka kujua Kiswahili, na mwalimu wake akawa Kenyatta. Bunche ndiye aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka wa 1950. Basi Kiswahili nacho kilimsaidia mgeni yule kukidhi mahitaji yake katika mji wa watu, na kumjengea urafiki ambao pengine asingeupata kwa njia nyingine.

Ni kweli kwamba mji ule ulimtaka pia kwa sura yake. Katika filamu ya Sanders of the River, iliyotoka mwaka wa 1935 na kumsifu mtawala wa kikoloni, Kenyatta alionekana miongoni mwa Waafrika waliokodiwa kuigiza machifu. Ilikuwa njaa. Lakini hebu tulinganishe kazi hizi mbili. Katika filamu alivishwa Uafrika uliobuniwa na wengine, akalipwa ili anyamaze na kusimama alipoambiwa. Katika chumba cha fonetiki aliombwa aseme, na ikiwa mchunguzi alikosea, yeye ndiye aliyemsahihisha. Ugeni una nyuso hizo mbili hata leo. Kijana wetu aendaye ng'ambo atakutana na wanaotaka aigize Uafrika walioubuni wao, na atakutana na wachache wanaotaka kujua anachokijua.

Kutoka fonetiki aliingia katika somo la anthropolojia, akafundishwa na Bronislaw Malinowski katika London School of Economics. Insha alizoandika darasani zilizaa kitabu Facing Mount Kenya, kilichotoka mwaka wa 1938, na ndicho kilichotangaza jina jipya la Jomo. Wapo wanaosema kwamba kitabu hicho kinawapamba Wagikuyu wa kale kupita kiasi, na sidhani wamekosea kabisa. Lakini kabla yake ni nadra sana kwa Mwafrika wa Afrika Mashariki kuwaeleza walimwengu utamaduni wake mwenyewe kwa kalamu yake mwenyewe, akitumia taaluma ile ile iliyotumiwa na wageni kumweleza yeye. Ugeni haukuwa umemwondolea asili yake. Ulikuwa umempa umbali wa kuitazama.

Vita vilipoanza aliondoka London, akaishi Storrington katika jimbo la Sussex, akawa kibarua wa shambani. Mwaka wa 1942 alimwoa Edna Clarke. Mnamo Oktoba 1945 alikuwa mmoja wa waandalizi wa Kongamano la Pan-Afrika mjini Manchester, pamoja na Kwame Nkrumah na George Padmore. Septemba 1946 alirejea nyumbani, na mwaka uliofuata akawa mkuu wa chuo cha walimu cha Githunguri na rais wa chama cha Kenya African Union. Walimu wasomao makala haya wajue kwamba kiongozi huyu aliwahi kuwa wa kundi lao.

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa, naye akakamatwa. Kesi yake na wenzake watano, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko, ilisikilizwa Kapenguria. Huko nako lugha haikukaa pembeni. Mkalimani wa mahakama alikuwa Louis Leakey, aliyekijua Kigikuyu tangu utotoni. Mawakili wa utetezi, wakiongozwa na D. N. Pritt, walipinga ukalimani wake wakidai kwamba hakuwa mtu asiyeegemea upande, naye akajiondoa katika kazi hiyo. Mshtakiwa aliyewahi kumfundisha mtaalamu wa London toni za Kigikuyu sasa aliona jinsi maisha ya mtu yanavyoweza kuning'inia kwenye tafsiri ya neno moja. Aprili 1953 alihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu.

Kifungo hicho kilimleta Turkana. Alifungwa Lokitaung, kaskazini kabisa, ambako kwa kuwa alikuwa na umri mkubwa alipewa kazi ya kuwapikia wenzake. Kifungo kilipokwisha mnamo Aprili 1959 hakuachiliwa. Alihamishiwa Lodwar na kuamriwa akae hapo, asitoke bila idhini. Mama Ngina aliruhusiwa kuungana naye. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, ambayo Mkenya wa kwingine hakuweza kuiingia bila kibali, na bila shaka serikali iliichagua kwa sababu hiyo. Ndani ya nchi yake mwenyewe Kenyatta alikuwa mgeni tena, pengine kuliko alivyokuwa London. Huko alifahamu lugha ya mji. Hapa alizungukwa na Kiturkana, lugha ya Kiniloti isiyo na undugu na Kigikuyu. Mnamo Machi 1961 viongozi wa KANU na KADU walikwea ndege kwenda kumwona Lodwar, na hivyo mji uliokusudiwa kumsahaulisha ukawa mahali pa kupangia mustakabali wa taifa. Aprili alihamishiwa Maralal, na Agosti akarudishwa Gatundu akiwa mtu huru.

Yaliyofuata yanajulikana: Waziri Mkuu mwaka wa 1963, Rais mwaka wa 1964, hadi alipofariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978. Swali ninalojiuliza ni hili: mtu aliyejifunza ugenini thamani ya lugha ya mama, na aliyeyaona kwa macho yake maisha ya wilaya iliyofungwa, aliyafanyia nini mafunzo hayo alipokalia kiti?

Jibu halina upande mmoja. Mnamo Julai 1974 aliagiza Kiswahili kitumike katika Bunge, hatua ambayo sisi wapenzi wa lugha hii hatutaisahau. Mwaka wa 1975, chini ya utawala wake, ziwa hili lililobandikwa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria, mwaka wa 1888, lilipewa jina la Turkana. Mtu aliyebadilisha majina yake mwenyewe mara kadhaa alijua kwamba jina si jambo dogo. Lakini tume ya elimu ya Ominde ya mwaka wa 1964 ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, na serikali yake ikakubali. Haikuwa mpaka mwaka wa 1976 ambapo kamati ya Gachathi ilipendekeza mtoto aanzie lugha ya eneo lake. Na waraka wa serikali nambari 10 wa mwaka wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye sehemu zenye mvua na rutuba, ukiziacha sehemu kama Turkana zingojee. Mgeni aliyekaa Lodwar kwa miaka miwili aliondoka, na Lodwar ikabaki mbali. Nayasema haya bila chuki. Mtu mkubwa hupimwa pia kwa yale aliyoyajua na hakuyatenda.

Kwa nini tuyakumbuke leo? Kwa sababu ugeni haujaisha Turkana. Kiasi cha kilomita 120 kutoka Lodwar ipo Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka wa 1992. Siku hizi ni mji kamili wa wageni. Wamo watu wa Sudan Kusini, Somalia, Ethiopia, Kongo na Burundi, wakiishi bega kwa bega na Waturkana. Kiswahili cha Wakongo na Warundi hukutana na cha Wakenya sokoni na darasani, na mtoto aliyefika bila neno moja la Kiswahili hukiokota kwa wenzake kabla mwalimu hajamaliza mada ya kwanza.

Walimu wengi wa eneo hili nao ni wageni, waliotoka mbali kuja kufanya kazi. Mgeni huamini sikio lake, na sikio hudanganya. Kiturkana kina irabu zisizo na ghuna mwishoni mwa maneno, zinazotamkwa kwa pumzi tu. Asiyezizoea hazisikii kabisa, akadhani neno limekwisha au mtoto hakulimaliza. Ndivyo tunavyomwona mwanafunzi anyamazaye katika somo la Kiingereza tukadhani hana kitu kichwani, ilhali anacho tele katika lugha tusiyoisikia. Sera ya elimu inasema kwamba katika madarasa ya chini mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Sera hiyo hupuuzwa katika shule nyingi, aghalabu kwa shinikizo la wazazi wanaodhani kwamba Kiingereza huingia haraka zaidi lugha ya nyumbani ikitolewa.

Kwa mwanafunzi aotaye London, Toronto au Dubai nasema: nenda, ujifunze lugha ya mji na desturi zake, lakini usiiache yako kwenye uwanja wa ndege, kwani hujui ni lini itakuwa riziki yako. Kwa mwalimu nasema: mfanyie mwanafunzi wako yale ambayo Lilias Armstrong alimfanyia Kenyatta. Muulize kitu hiki kwao huitwaje, mwache akitamke, nawe ukirudie mpaka akwambie umepata. Mtoto aliyewahi kumsahihisha mwalimu wake jambo moja la kwao hataogopa kusahihishwa na mwalimu huyo mambo mia moja ya kitabuni.